Sinagogi: Maana ya Neno na Nafasi Yake katika Maisha ya Wayahudi

Sinagogi ni nomino ya ngeli ya LI-YA (sinagogi hili, masinagogi haya) inayotaja mahali ambapo Wayahudi hukusanyika ili kusali, kusoma Torati na kujifunza sheria ya dini yao. Maelezo hayo ya kikamusi ni sahihi, lakini hayamtoshelezi mfasiri wala mwalimu. Mara tu neno linapotoka kwenye kidahizo na kuingia katika matini, maswali huzuka. Je, sinagogi ni hekalu? Je, ni sawa kuliita kanisa la Wayahudi? Anayeliongoza ni kuhani au ni rabi? Na matini inaposema kwamba sinagogi limeamua jambo fulani, ni nani hasa aliyeamua?

Maswali hayo yote yana mzizi mmoja. Sinagogi ni jina la kukusanyika kabla ya kuwa jina la jengo. Anayelishika jambo hili hatalichanganya sinagogi na hekalu, na ataelewa kwa nini taasisi hii imedumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili ingawa majengo yake yamebomolewa mara nyingi. Makala haya yanaeleza asili ya neno, tofauti yake na hekalu, kazi za sinagogi katika maisha ya Wayahudi, na namna bora ya kulitumia neno hili katika Kiswahili.

Asili ya neno

Kiswahili kimelipokea neno sinagogi kwa njia ya tafsiri za Biblia na lugha za Ulaya, lakini chimbuko lake ni Kigiriki. Neno synagōgē limejengwa kwa viambajengo viwili: syn, chenye maana ya “pamoja”, na agein, chenye maana ya “kuleta” au “kuongoza”. Kwa hiyo maana yake ya kwanza ni tendo la kuleta pamoja, na kwa upanuzi, watu walioletwa pamoja. Katika Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya maandiko ya Kiebrania iliyoanza kufanywa Misri katika karne ya 3 KK, neno hili linataja mkutano wa Waisraeli wenyewe, hata walipokuwa jangwani ambako hapakuwa na jengo lolote. Waraka wa Yakobo (2:2) nao, katika Kigiriki chake, unalitumia neno hilohilo kwa mkutano wa Wakristo. Jengo lilipata jina hilo kutoka kwa watu waliokutana ndani yake.

Kiswahili kina mfano wa safari kama hiyo, ingawa yenyewe ilikwenda kwa upande wa pili. Baraza kwanza ni mahali: kibao cha mawe au sakafu iliyoinuliwa mbele ya nyumba, ambapo watu huketi na kuzungumza. Baadaye jina la mahali likahamia kwa watu, tukapata baraza la wazee na baraza la mawaziri. Neno baraza lilitoka kwenye mahali likaenda kwa watu. Neno sinagogi lilitoka kwa watu likaenda kwenye mahali. Yote mawili yameishia kubeba maana zote mbili, na muktadha ndio unaomwongoza msomaji.

Jina la Kiebrania linathibitisha maana hiyo. Wayahudi huliita sinagogi beit knesset, yaani “nyumba ya mkusanyiko”. Mzizi wake ni K-N-S, wenye maana ya kukusanya, na ndio uliozaa pia jina la bunge la Israeli, Knesset. Katika Kiaramu mzizi huo ulitoa neno lenye maana ya mkusanyiko, na kutoka Kiaramu likaingia Kiarabu, ambamo kanīs ni sinagogi na kanīsa ni nyumba ya ibada ya Wakristo. Umbo hili la pili ndilo lililofika pwani ya Afrika Mashariki na kuwa kanisa. Kwa hiyo kanisa la Kiswahili na beit knesset ya Kiebrania ni ndugu wa damu. Wayahudi wa Iran wamezoea hata kuliita sinagogi lao kenisa.

Neno msikiti lina historia inayofanana na hiyo. Asili yake ni masjid ya Kiarabu, “mahali pa kusujudia”, kutokana na mzizi ulioenea katika lugha kadhaa za Kisemiti. Wayahudi wa Ethiopia, wajulikanao kama Beta Israel, huiita nyumba yao ya sala mesgid, kwa mzizi huohuo.

Je, mfasiri aseme basi “kanisa la Wayahudi” au “msikiti wa Wayahudi”? Hasha. Etimolojia hueleza neno limetoka wapi, haimpi mtu ruhusa ya kulitumia leo apendavyo. Katika Kiswahili cha sasa kanisa limefungwa na Ukristo na msikiti umefungwa na Uislamu, na msomaji huleta akilini msalaba au mihrabu papo hapo. Udugu wa maneno haya una faida nyingine: unamfundisha mwanafunzi kwamba dini hizi tatu zilizitaja nyumba zao za ibada kwa kile watu wanachokifanya humo, kukusanyika au kusujudu, kabla ya kuzitaja kwa sura ya kuta zake.

Sinagogi na hekalu

Kosa linalojitokeza mara nyingi ni kulitumia neno hekalu mahali pa sinagogi. Kosa hili linabadilisha maana ya msingi kabisa ya kinachosemwa.

Neno hekalu limesafiri mbali. Wasumeri walisema e-gal, “nyumba kubwa”, Waakadi wakalichukua kama ekallu, jumba la mfalme, Waebrania wakasema heikhal, Waarabu haikal, na Waswahili hekalu. Maana ya ukubwa na enzi imebaki ndani yake tangu mwanzo. Kwa Wayahudi, Hekalu lilikuwa moja, nalo lilikuwa Yerusalemu. La kwanza lilibomolewa na Wababeli mwaka 586 KK. La pili, lililojengwa baada ya kurudi kutoka uhamishoni na kupanuliwa sana na mfalme Herode, lilibomolewa na jeshi la Roma chini ya Tito mwaka 70 BK. Humo sadaka za wanyama na nafaka zilitolewa juu ya madhabahu. Waliozitoa walikuwa makuhani wa ukoo wa Haruni wakisaidiwa na Walawi, na sheria haikuruhusu sadaka hizo zitolewe mahali pengine.

Sinagogi linatofautiana na hayo karibu katika kila kipengele. Halina madhabahu wala sadaka. Laweza kuwapo katika mji wowote, kijiji chochote, hata chumbani mwa mtu. Halihitaji kuhani. Mji mmoja waweza kuwa na masinagogi mengi.

Vitabu vingine vya shule husema kwamba sinagogi lilizaliwa baada ya Hekalu kubomolewa. Usemi huo unahitaji kurekebishwa. Maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye mawe huko Misri enzi ya mfalme Ptolemaio wa Tatu (246–221 KK) yanazitaja nyumba za sala za Wayahudi, takriban miaka mia tatu kabla ya mwaka 70. Injili nazo zinasimulia juu ya masinagogi ya Galilaya wakati Hekalu lilikuwa bado limesimama. Taasisi hizi mbili ziliishi pamoja kwa muda mrefu. Kilichotokea mwaka 70 ni kwamba moja ilianguka, na nyingine, iliyokuwa tayari imezoeleka, ikabeba mzigo wa zote mbili.

Mzigo huo ulibebwa kwa namna ya pekee. Marabi hawakuzirudisha sadaka katika sinagogi, bali waliziweka sala mahali pake. Sala ya asubuhi na ile ya alasiri zinalingana na sadaka mbili za kila siku zilizokuwa zikitolewa Yerusalemu, nayo sala ya jioni hukamilisha siku. Siku za Sabato na sikukuu huongezwa sala nyingine inayolingana na sadaka ya nyongeza ya siku hizo. Sinagogi liliitwa pia “patakatifu padogo”, kwa usemi uliochukuliwa kutoka kitabu cha nabii Ezekieli. Udogo huo ni wa makusudi: sinagogi humkumbusha Myahudi Hekalu, lakini halidai kuwa ndilo.

Hapa ndipo uzito wa uteuzi wa neno unapoonekana. Habari isemayo “Wayahudi wajenga hekalu jipya” humweleza msomaji makini kwamba Hekalu la Yerusalemu linajengwa upya. Mahali lilipokuwa Hekalu hilo leo pana Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba la Mwamba, na habari ya namna hiyo ingewashtua watu wa dini tatu. Ikiwa kilichotokea ni jumuiya ndogo ya Wayahudi kufungua nyumba ya sala mjini mwao, neno moja lililoteuliwa vibaya limegeuza tukio la mtaa kuwa mgogoro wa dunia.

Kuna mtego mwingine unaowapata hasa wanaotafsiri matini za Ujerumani na Marekani. Katika karne ya 19 lilizuka miongoni mwa Wayahudi vuguvugu la mageuzi lililoacha kuomba kurejeshwa kwa sadaka za Yerusalemu. Wafuasi wake walianza kuziita nyumba zao za sala kwa jina la hekalu, kama walivyofanya Hamburg mwaka 1818, kwa maana ya kwamba mahali pa ibada yao ni palepale wanapoishi. Ndiyo maana jumuiya maarufu ya New York iliyoanzishwa mwaka 1845 inaitwa Temple Emanu-El. Jina hilo likiwa jina la pekee libaki lilivyo; lakini panapotakiwa nomino ya kawaida, Kiswahili kiseme “sinagogi”. Kinyume chake, Wayahudi wa asili ya Hispania wanaposema heikhal ndani ya sinagogi lao, kwa kawaida huwa wanataja kabati tu linalohifadhi magombo ya Torati.

Watu kumi

Ikiwa sinagogi halihitaji kuhani, madhabahu wala jengo la pekee, linahitaji nini? Linahitaji watu kumi. Sheria ya Kiyahudi huiita idadi hiyo minyan, neno lenye maana ya “hesabu”. Kiswahili kina neno linaloifaa kabisa: akidi. Kama vile mkutano hauwezi kupitisha maamuzi bila akidi, ndivyo sehemu fulani za ibada zisivyoweza kufanyika bila watu kumi waliofikia umri wa kuwajibika kidini, ambao kwa wanaume ni miaka 13. Wayahudi wa Kiothodoksi huhesabu wanaume peke yao. Madhehebu ya Mageuzi na jumuiya nyingi za madhehebu ya Kihafidhina huhesabu pia wanawake.

Myahudi aweza kusali peke yake, na wengi hufanya hivyo. Lakini Torati haisomwi hadharani kwa baraka zake bila akidi, wala Kadishi haisemwi. Kadishi ni sala ambayo sehemu yake kubwa imo katika Kiaramu, lugha iliyokuwa ya watu wa kawaida ilipotungwa. Aliyefiwa na mzazi huisema kila siku kwa miezi kumi na mmoja. Haitaji kifo wala marehemu. Inalitukuza jina la Mungu tu. Na mfiwa hawezi kuisema peke yake, kwa kuwa ndani yake mna maneno ambayo ni lazima wengine wayaitikie.

Matokeo ya kanuni hii katika maisha ni makubwa. Mfiwa analazimika kutoka nyumbani na kuwaendea watu, na watu tisa wengine wanalazimika kuwapo kwa ajili yake. Katika mji wenye Wayahudi wachache, mtu wa kumi hutafutwa kwa simu, na mara nyingine msafiri aliyepita njia huombwa aingie. Msomaji wa Kiswahili aliyekulia mahali ambapo majirani huacha shughuli zao kwenda matangani ataliona jambo hili haraka. Anayeujua ubora wa swala ya jamaa kuliko swala ya mtu mmoja ataliona haraka zaidi. Tofauti ni kwamba hapa idadi imewekwa, na wakiwa tisa ibada hiyo husubiri.

Kilichomo ndani

Hakuna ramani moja ya lazima ya kujengea sinagogi. Lililochimbuliwa Dura-Europos nchini Syria, la katikati ya karne ya 3 BK, lilikuwa na kuta zilizojaa picha za visa vya Biblia. Mengine hayana picha hata moja. Hata hivyo, kuna vitu ambavyo mgeni atavikuta karibu kila mahali.

Cha kwanza ni kabati takatifu lenye magombo ya Torati, ambalo kwa kawaida huwekwa kwenye ukuta unaoelekea Yerusalemu. Uelekeo huo hutegemea mahali mtu alipo: anayesali Ulaya huelekea mashariki au kusini-mashariki, na anayesali Nairobi huelekea kaskazini. Mbele ya kabati huning’inia pazia, na juu yake huwaka taa ya daima, kumbukumbu ya taa ya Hekalu. Karibu na katikati au mbele kuna jukwaa ambapo gombo hufunguliwa na kusomwa. Katika masinagogi ya Kiothodoksi wanawake hukaa sehemu yao, iliyotengwa kwa kizuizi au iliyo ghorofani. Katika ya madhehebu ya Mageuzi watu hukaa pamoja.

Gombo lenyewe huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na msomaji hafuatishi maandishi kwa kidole bali kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono. Torati husomwa Jumatatu, Alhamisi na Sabato, na kwa mzunguko wa mwaka mmoja vitabu vyote vitano humalizika. Siku ya kumaliza ni siku ya furaha; watu hucheza wakiwa wameyakumbatia magombo, kisha husoma tena kuanzia mwanzo.

Daraja la utakatifu wa vitu hivi limewekwa wazi katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilishwa mnamo mwaka 200 BK. Watu wa mji wakiuza uwanja wao wa mjini, fedha yake waweza kununulia sinagogi. Wakiuza sinagogi, waweza kununua kabati la Torati. Wakiuza kabati, wanunue vitambaa vya kuvikia magombo. Wakiuza vitambaa, wanunue vitabu. Na wakiuza vitabu, wanunue gombo la Torati. Kurudi nyuma hairuhusiwi: gombo haliuzwi ili kujenga ukumbi. Jengo liko karibu na chini ya ngazi, na kitabu kiko juu yake.

Nyumba ya sala, ya masomo na ya wageni

Mbali na beit knesset, Kiebrania hutumia beit tefila, “nyumba ya sala”, na beit midrash, “nyumba ya masomo”. Wayahudi wanaozungumza Kiyidishi husema shul, neno lenye asili moja na lile la Kijerumani la “shule”, ambalo ndilo lililoingia pia katika Kiswahili. Kwa hiyo mzee wa Kiyahudi asemapo anakwenda shul, hakwenda darasani, anakwenda sinagogini. Lakini jina halikukosea. Kujifunza ni sehemu ya ibada, hata marabi wakaruhusu sinagogi kugeuzwa kuwa nyumba ya masomo, kwa kuwa huko ni kulipandisha hadhi.

Ushahidi wa zamani wa kazi hizi ulipatikana Yerusalemu mwaka 1913: jiwe lenye maandishi ya Kigiriki ambalo wataalamu wengi huliweka kabla ya mwaka 70 BK. Maandishi hayo yanamtaja Theodotos, kuhani na mkuu wa sinagogi, aliyejenga sinagogi kwa ajili ya kusoma Sheria na kufundisha amri, pamoja na vyumba na maji kwa wageni watokao mbali. Sala haikutajwa. Kusoma, kufundisha na kukaribisha wageni ndiyo yaliyochongwa kwenye jiwe.

Sinagogi limekuwa pia kumbukumbu ya jamii. Maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi, bali huwekwa katika chumba maalumu, kisha kwa kawaida huzikwa. Katika Sinagogi la Ben Ezra la Fustat, Kairo, chumba hicho kilikaa karne nyingi bila kuondolewa yote yaliyomo. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu Solomon Schechter alipeleka sehemu kubwa ya karatasi hizo Cambridge. Pamoja na maandiko matakatifu zilikutwa barua, hati za ndoa, hesabu za madeni na nyaraka za wafanyabiashara waliosafiri kati ya Misri, Aden na India. Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi imejifunza mengi kutoka chumba hicho cha sinagogi.

Masinagogi ya Afrika Mashariki na Kati

Neno hili si la Biblia peke yake kwa wasemaji wa Kiswahili. Masinagogi yapo katika nchi zao. Nairobi, jiwe la msingi la sinagogi la kwanza liliwekwa mwaka 1912. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza Wayahudi wapewe ardhi katika nyanda za juu za koloni hilo. Vuguvugu la Wazayuni lilikataa pendekezo hilo mwaka 1905, lakini familia chache zilibaki na kujenga jumuiya. Lubumbashi, mji wa Kongo unaozungumza Kiswahili, nao una sinagogi lililojengwa enzi ya utawala wa Wabelgiji, na wengi wa waliolitumia walikuwa Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes.

Mfano unaofundisha zaidi uko Uganda, karibu na Mbale. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alijitangaza kuwa Myahudi pamoja na wafuasi wake. Jumuiya hiyo huitwa Abayudaya. Aba- ya Kiganda inalingana na wa- ya Kiswahili, na jina zima ni “Wayahudi”. Utawala wa Idi Amin ulipopiga marufuku dini yao, wengi waliiacha, na waliobaki waliendelea kwa siri. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979 walijitokeza tena, na mwaka 2016 sinagogi jipya lilifunguliwa katika kilima cha Nabugoye. Katika miaka ya marufuku mkusanyiko uliendelea bila kuhitaji nyumba ya wazi, na nyumba ikaja baadaye kuwafuata watu.

Mwongozo wa matumizi

Yafuatayo yatamsaidia anayeandika au kutafsiri.

1. Tumia hekalu kwa nyumba ya Mungu ya Yerusalemu tu unapozungumzia dini ya Kiyahudi, na sinagogi kwa nyumba nyingine zote za sala za Wayahudi. “Yesu alisoma gombo katika sinagogi la Nazareti” ni sahihi. “Katika hekalu la Nazareti” ni kosa, kwa kuwa Nazareti haikuwa na hekalu la Kiyahudi.

2. Shika ngeli moja. Tafsiri za Biblia zimeizoesha LI-YA: sinagogi lao, masinagogi yao. Wapo wanaotumia I-ZI (sinagogi yao, sinagogi zao), kama ilivyo kwa maneno mengi ya mkopo. Kinachochosha msomaji ni kuchanganya ngeli zote mbili katika ukurasa mmoja.

3. Tenganisha jengo na watu pale matini inapohitaji. Tarehe 27 Oktoba 2018 mtu mwenye silaha aliwaua watu 11 katika sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani. Jengo lilikuwa moja, lakini jumuiya zilizokuwa zikisali humo zilikuwa tatu, na kila moja ilipoteza watu wake. Kuandika “masinagogi matatu yalishambuliwa” kungemfanya msomaji afikirie majengo matatu. Kuandika “sinagogi moja” bila maelezo kungezifuta jumuiya mbili. Kiswahili kina jumuiya, na hapa ndipo pa kulitumia: “jumuiya tatu zilizokuwa zikisali katika sinagogi moja”.

4. Usimwite rabi kuhani. Ukuhani hurithiwa kwa ukoo. Urabi hupatikana kwa elimu. Rabi ni mwalimu na mwamuzi wa sheria, na ibada yaweza kuongozwa na mtu yeyote anayeijua vyema. Kuhani bado ana heshima zake sinagogini, kama vile kuitwa wa kwanza kwenye usomaji wa Torati, lakini hatoi sadaka.

5. Mkuu wa sinagogi katika Agano Jipya ni msimamizi wa jumuiya na ibada yake. Si rabi kwa lazima, wala si kuhani kwa lazima, ingawa mtu mmoja aliweza kuwa na vyeo viwili, kama Theodotos.

6. Mhudumu wa sinagogi huitwa shamash kwa Kiebrania. Neno hili lina asili moja na shemasi, lililofika Kiswahili kupitia Kisiria na Kiarabu. Hata hivyo, kwa sababu ileile iliyoelezwa juu ya kanisa, mhudumu huyo asiitwe shemasi; “mhudumu wa sinagogi” inatosha.

7. Panapohitajika kufafanua neno kwa msomaji mgeni, ufafanuzi wa karibu zaidi na asili ni “nyumba ya kukusanyika ya Wayahudi”. “Nyumba ya ibada ya Wayahudi” unakubalika, lakini unaacha nje masomo, ukarimu na shughuli za jumuiya.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 utawala wa Wanazi ulichochea uchomaji wa mamia ya masinagogi nchini Ujerumani na Austria. Walioyachoma walijua kwamba kuiondoa nyumba ya kukusanyika ni hatua ya kuwaondoa wanaokusanyika. Mwanafunzi anayekutana na tarehe hiyo katika kitabu cha historia, na kuona pameandikwa “mahekalu”, hatalielewa tukio hilo kama lilivyokuwa. Kilichochomwa kilikuwa mahali ambapo mtaa mzima ulisoma, ulisali, ulioza watoto wake na kuwahesabu watu kumi kwa ajili ya mfiwa. Kiswahili kina neno la kulitaja hilo bila kuongeza wala kupunguza, nalo ni sinagogi.